Tone Moja kwa Sekunde: Jua Nyumba Yako Inavuja Wapi Kabla Hujamwita Fundi

Hesabu hii ifanye leo na watoto mezani, baada ya chakula. Mfereji unaodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Matone manne ya mfereji, kwa makadirio, hujaza mililita moja. Gawanya, nawe utapata lita 21 na ushei, yaani mtungi mzima wa lita 20 na maji ya kupikia chai juu yake. Kwa mwaka mmoja ni karibu lita 7,900, au mitungi 394. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walijua pia kwamba haba na haba humwaga kibaba.

Kwa mtu wa Ukunda, Diani, Tiwi au Msambweni hesabu hii si mchezo. Maji ya mfereji katika sehemu kubwa ya pwani ya kusini hutoka chini ya ardhi. Visima virefu vya Tiwi huwanywesha watu wa Diani na hata wa Likoni, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Katika mitaa mingi maji huja kwa zamu, na kila nyumba hutegemea tangi lililokaa juu ya dari au juu ya mnara. Tangi hilo likivuja, halivuji maji ya kampuni. Linavuja akiba yako ya siku tatu zijazo. Likikauka usiku wa Jumamosi, asubuhi unamsubiri mchuuzi wa mkokoteni, ukilipia mtungi kwa mtungi maji yaleyale ambayo nyumba imekuwa ikiyamwaga bure.

Hapa kwetu kuna maadui wengine wawili. Wa kwanza ni mwamba wa matumbawe. Maji yanayopita ndani yake hubeba chokaa, ndiyo maana birika lako lina ukoko mweupe na shawa yako imeziba nusu ya matundu. Chokaa hiyohiyo hukaa katika kiti cha mfereji na kuutafuna mpira wake. Adui wa pili ni chumvi, iliyo katika upepo wa bahari na katika baadhi ya visima vilivyo karibu na ufuo. Chumvi hula paipu za chuma na nati kwa haraka. Kwa hivyo kuvuja kwa nyumba ya pwani si jambo la kushangaza. La kushangaza ni jinsi tunavyokimbilia kununua vifaa kabla ya kuujua ugonjwa. Mtu hubadilisha mfereji mzima kumbe tatizo ni kipande cha mpira, au hubomoa ukuta wa bafu kumbe maji yanatoka kwenye tangi la choo.

WANAWAKE WA KWALE WALITUTANGULIA

Mtu akikwambia kwamba kazi ya maji ni ya fundi peke yake, mkumbushe yaliyotokea papa hapa. Mwaka 1983 ulianza mradi wa kujaribu pampu za mkono katika pwani ya kusini, ukishirikisha Wizara ya Maji, shirika la KWAHO, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Kabla ya hapo pampu ikiharibika, kijiji kilimsubiri fundi wa serikali aje na gari na mitambo ya kuinua mabomba. Akichelewa, kina mama walirudi kwenye visima vya wazi.

Mradi ule ulifanya mambo mawili. Kwanza, kamati za maji ziliundwa vijijini, wanawake wakawa ndio watunza pesa na watunza pampu. Pili, pampu yenyewe ilitengenezwa upya ili iweze kufunguliwa na mtu wa kawaida. Pampu ya Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia, ilijaribiwa na kurekebishwa huku kwetu. Kazi zake nyingi za matengenezo hufanywa kwa spana moja tu.

Kipimo walichofundishwa watunza pampu hao ni chepesi. Piga pampu mpaka maji yatoke vizuri, kisha iache itulie nusu saa. Rudi, piga tena. Ikihitaji kupigwa zaidi ya mara tano kabla maji hayajatoka, basi maji yanarudi chini: vali ya chini inavuja, au kiungo cha bomba kimelegea. Hakuna kubomoa wala kukisia. Unatuliza maji, unangoja, kisha unatazama yamekwenda wapi. Njia hiyohiyo ndiyo tutakayoitumia bafuni.

KWANZA, IJUE KOKI

Kabla ya yote, kila mtu wa nyumba hiyo, kuanzia baba mpaka mtoto wa darasa la tano, ajue koki za kufungia maji ziko wapi. Nyumba nyingi zina tatu. Kuna iliyo karibu na mita, inayofunga maji ya kampuni. Kuna iliyo kwenye paipu inayoshuka kutoka tangini, inayofunga maji ya nyumba nzima. Na aghalabu kuna vikoki vidogo chini ya sinki na kando ya choo.

Zifunge na kuzifungua zote angalau mara moja kwa miezi mitatu. Koki isiyoguswa kwa miaka huganda kwa chokaa na kutu, na siku paipu itakapopasuka utaikuta haizunguki. Ikiwa ngumu, usiilazimishe kwa nguvu zako zote. Tia mafuta kidogo kwenye shina lake, ngoja siku moja, kisha ujaribu taratibu kwenda na kurudi.

ULIZA LINI, USIULIZE WAPI

Watu wengi wakiona unyevu huuliza unatoka wapi. Maji ni mjanja. Hutoboka mahali pamoja, yakafuata paipu au nondo ya dari, yakaonekana mita tatu mbali. Swali bora ni hili: yanaonekana lini?

Ikiwa unyevu haukauki usiku wala mchana, hata nyumba ikikaa siku nzima bila mtu, basi kinachovuja ni paipu ya kuleta maji, yenye msukumo wakati wote.

Ikiwa unyevu huja saa moja baada ya watu kuoga au kufua, kisha hupungua, kinachovuja ni njia ya kutoa maji: paipu ya maji machafu, tundu la sakafu, au simenti iliyo kati ya vigae.

Ikiwa unyevu huja baada ya mvua za masika na kukauka wakati wa kaskazi, lawama ni ya paa au ya ukuta wenyewe. Nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe hufyonza maji kutoka ardhini, na huonyesha alama nyeupe za chumvi sehemu ya chini ya ukuta.

Ukibaki na shaka juu ya ukuta fulani, chukua kipande cha plastiki kinachopitisha nuru, ukibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Plastiki ikilowa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Ikilowa upande wa nje, ni mvuke wa bafu lisilo na dirisha la kutosha. Hapo dawa ni kufungua dirisha.

MITA HAISEMI UONGO

Sasa tufike kwenye mita. Chagua siku ambayo maji ya kampuni yanakuja, kwa maana mita haiwezi kukwambia kitu paipu zikiwa tupu. Tena usiisome dakika za kwanza maji yanaporudi, kwa sababu hewa iliyo ndani ya paipu huweza kuizungusha.

Funga mifereji yote na uhakikishe tangi la juu limejaa. Kwenye uso wa mita utaona kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Ikiwa kinazunguka ingawa hakuna anayetumia maji, kuna mahali panapovuja. Kama huna hakika, andika namba za mita kabla ya kulala na uzisome tena alfajiri. Tarakimu nyeusi huhesabu mita za ujazo, kila moja lita 1,000, na zile nyekundu huhesabu sehemu zake.

Halafu funga paipu inayopeleka maji tangini. Mita ikisimama, tatizo liko tangini au mbele yake. Ikiendelea kuzunguka, paipu inayovuja iko kati ya mita na tangi, yamkini chini ya ua. Udongo wetu una mchanga mwingi na hunyonya maji upesi, kwa hivyo usitarajie kuona dimbwi. Tazama majani: sehemu moja iliyobaki na majani mabichi mwezi wa Februari, wakati ua mzima umekauka, inastahili kuchimbwa.

Ili kulipima tangi lenyewe, funga koki ya kuingiza na ya kutoa, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji usiku, utazame asubuhi. Yakishuka, tangi linavuja. Yasiposhuka, rudia kipimo usiku wa pili ukiwa umeifungua koki ya kutoa, na mifereji yote ya nyumba ikiwa imefungwa. Yakishuka safari hii, maji yanapotelea ndani ya nyumba. Nyumba yenye tangi la juu na maji ya kisima isiyokuwa na mita nayo inaweza kutumia kipimo hiki.

CHOO NDICHO MWIZI WA KIMYA

Mfereji unaovuja una mdomo na hulalamika usiku kucha. Choo hunyamaza. Maji huteleza nyuma ya bakuli kama uzi, na hakuna anayesikia.

Chukua rangi ya biriani, kijiko cha chai kimoja, uikoroge kwenye tangi la choo. Usivute maji. Ngoja nusu saa, kama watunza pampu wa Msambweni. Ukiona rangi ndani ya bakuli, choo kinavuja.

Sasa fungua kifuniko. Matangi ya choo ni ya aina mbili. Yale ya kubonyeza kitufe juu yana kiziba cha mpira chini. Mpira huo ukishika chokaa au ukijikunja, maji hupita. Funga koki ya choo, vuta maji yote, zungusha na kutoa mtambo wa katikati, kisha usugue mpira na kiti chake kwa kitambaa chenye siki. Mara nyingi hilo linatosha. Mpira ukiwa umekakamaa au umepasuka, nenda nao dukani upate unaolingana nao.

Aina ya pili ni ya zamani, yenye mkono wa kunyonga upande mmoja, au mnyororo kama tangi liko juu. Ndani yake kuna sifoni, yaani kengele ya plastiki. Hilo halina mpira wa kuziba chini. Likimwaga maji bakulini bila kuvutwa, basi maji yamejaa kupita kiasi. Na kama lina paipu ya kumwagia nje ya ukuta, utaona nje kuna alama ya majimaji na ukijani. Inua boya kwa mkono. Maji yakikoma kuingia, boya limewekwa juu mno: lishushe kwa skrubu yake, au pinda mkono wake wa shaba kidogo kuelekea chini, mpaka maji yasimame sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa kumwagia. Yakiendelea kuingia hata boya likiwa limeinuliwa, kuna chembe ya mchanga au mpira uliochakaa ndani ya vali. Kipimo hicho cha kuinua boya kinafaa pia kwa tangi la juu ya nyumba.

Kuna na lile tatizo la kunyonga mkono mara tano ndipo choo kikubali. Hapo ndani ya sifoni kuna kipande cha plastiki laini kilichopasuka. Kipya hupatikana madukani, na waliokikosa hukata kimoja kutoka plastiki ngumu kiasi kwa kufuata umbo la kile cha zamani.

MFEREJI UNAODONDOSHA

Mfereji wa kuzungusha mara nyingi ndio unaohitaji kile kiraba cha duara ambacho mafundi hukiita wosha. Chunguza kwanza unavuja wapi. Ukidondosha mdomoni ilhali umefungwa, ni wosha. Ukivuja shingoni, karibu na kishikio, tena wakati umefunguliwa, ni nati ndogo ya shingoni iliyolegea au uzi wake umekwisha.

Kwa wosha, fuata hatua hizi:

1. Funga koki, kisha fungua mfereji mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, skrubu ikianguka humo hutaipata.

2. Ondoa kishikio na kifuniko chake. Shika mwili wa mfereji kwa mkono mmoja au kwa koleo lililofungwa kitambaa, na kwa mkono wa pili uzungushe nati kubwa kwa spana kinyume cha mwendo wa saa. Usiposhika mwili, nguvu yote itakwenda kwenye paipu iliyo ukutani, na utakuwa umetengeneza uvujaji wa pili.

3. Toa shina. Chini yake utaona wosha. Iondoe, nayo iwe ndiyo kipimo chako dukani. Ya mfereji wa nusu inchi haiwezi kukaa kwenye mfereji wa robo tatu.

4. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani ya mfereji na upapase kiti ambacho wosha hukalia. Kikiwa laini, vema. Kikiwa na mikwaruzo na mashimo, wosha mpya itachanika baada ya majuma machache. Hapo tafuta fundi mwenye kifaa cha kusawazisha kiti, au ununue mfereji mpya.

5. Rudisha vyote, ukaze kiasi, ufungue koki polepole. Tangu siku hiyo waambie wa nyumbani wafunge mfereji mpaka maji yakome tu, wasiukabe. Nguvu ya kukaba ndiyo inayokata wosha.

Kwa uvujaji wa shingoni, kaza nati ndogo robo mzunguko. Usipokoma, ifungue, uzungushie shina uzi uliopakwa grisi au ile tepu nyeupe laini ya mafundi, na uirudishe.

Mifereji ya kisasa inayofunguka kwa robo mzunguko haina wosha. Ina vigae viwili vidogo ndani ya kichwa kimoja, na kichwa hicho hubadilishwa kizima. Kabla ya kununua, kitoe ukiloweke ndani ya siki usiku mmoja. Huenda ni chokaa tu.

VIUNGO, PAIPU NA SHAWA

Kiungo cha hesi kikilia machozi, usikazane kukaza. Funga maji, kifungue, safisha hesi kwa brashi ya waya, ukaushe. Zungusha tepu nyeupe kwa mwendo wa saa ukiwa umeelekezewa mdomo wa paipu, mizunguko kumi hivi, ukiivuta izame kwenye hesi. Ukiizungusha kinyume, itajikunja unapokaza na maji yatapita tena.

Paipu ya chuma iliyotoboka kwa kutu hupewa huduma ya kwanza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Funga maji, kausha, vuta ukanda kwa nguvu, uzungushe ukipanda juu ya tundu na kupita sentimita kumi kila upande, ukaze kwa waya. Hiyo ni bandeji. Paipu iliyotoboka mahali pamoja ina kutu mahali pengine, ipangie kubadilishwa.

Paipu nyeusi za kukunja huungwa kwa viungo vya kukaza kwa mkono, na kazi hiyo unaiweza. Zile za plastiki ngumu zinazounganishwa kwa gundi unaziweza ukiwa na subira ya kuacha gundi ikauke kama kopo linavyoagiza. Lakini zile zinazounganishwa kwa kuyeyushwa kwa mashine ya moto, gundi haizishiki kamwe. Anayekuuzia gundi kwa paipu hizo anakupotezea pesa.

Shawa inayorusha maji pembeni haijaharibika, imezibwa na chokaa. Ifungue uiloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku mmoja, kisha usugue kwa mswaki wa zamani. Na chini ya sinki, ile paipu iliyopinda ina kazi yake. Maji yanayobaki humo huzuia harufu na mende. Ikidondosha, weka karai, fungua nati zake kwa mkono, safisha uchafu, na utazame mpira wake kabla ya kukaza tena.

MAHALI PA KUSIMAMA

Kujifanyia kazi hakumaanishi kujifanyia kila kazi. Kuna nyumba nyingi zenye shawa ya umeme. Ukiona maji yanavuja karibu nayo, au ukihisi mwasho wa umeme unapogusa mfereji, usiguse kitu kingine bafuni. Toka, zima swichi kubwa ya nyumba, umwite fundi wa umeme. Hakuna bei ya maji inayolingana na roho ya mtoto.

Paipu iliyo ndani ya ukuta au chini ya sakafu ni kazi ya fundi, kadhalika paipu ya choo iliyopasuka, ambayo uchafu wake huweza kufika kwenye kisima cha jirani. Na kinachovuja kabla ya mita, barabarani, ni cha kampuni ya maji. Piga ripoti mapema, kwa kuwa maji machafu huweza kuingia humo siku ambazo paipu haina msukumo.

Mwanafunzi au mpangaji mwingine, mwambie mwenye nyumba kabla hujafungua chochote, na umpe matokeo ya kipimo chako. "Bafu linavuja" ni malalamiko, naye huweza kuyasahau. "Mita imesonga lita 60 usiku mmoja, mifereji yote ikiwa imefungwa, na rangi imeonekana chooni" ni habari asiyoweza kuipuuza, hasa kama bili ni yake. Fundi naye akikuta umeshajua ugonjwa, hatakuwa na sababu ya kukutoza kwa kuutafuta.

Ndoo unayoitega chini ya mfereji unaovuja nayo ina hatari yake. Mbu anayeeneza dengi na chikungunya hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, na mayai yake huweza kuwa mbu katika muda wa juma moja hivi. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi kati ya 2013 na 2014, na wa chikungunya kati ya 2017 na 2018. Imwage ndoo hiyo kila siku, isugue kingo zake, au uifunike.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: spana ya kurekebisha mdomo, koleo, bisibisi mbili, tepu nyeupe, wosha za nusu inchi na za robo tatu, kipande cha tyubu, na chupa ya siki. Viweke kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na upepo wa chumvi.

Chupa ya maji ya nusu lita pia ni kifaa. Itege chini ya kinachovuja na utazame saa. Ikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 12 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya uniti nne za mita. Mpe kazi hiyo mtoto aliye shuleni, aandike ukutani tarehe na muda. Baada ya matengenezo apime tena, ili nyote mjue kama kazi imefanyika au mmedanganyana.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutapanda juu ya dari kulisafisha tangi lenyewe: mara ngapi kwa mwaka, kwa dawa gani, na kiasi gani. Mpaka hapo, isome mita yako usiku wa leo kabla ya kuzima taa.